Mfini Aliyetaka Mruko Mmoja Tu

Mpaka leo sijaelewa mtu anawezaje kuwa mchezaji wa mchezo usiokuwapo. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na ushee, nimewaelewesha sehemu watoto ambao hata namba nzima zilikuwa zinawapiga chenga, lakini hili la yule dada Mfini limenishinda. Nalisimulia kama nilivyoliona. Atakayelielewa anieleweshe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nina miaka ishirini na mitano hivi, mwalimu wa michezo katika shule moja iliyo njiani ukitoka Shinyanga mjini kwenda Kolandoto. Msidhani ni cheo. Mwalimu wa michezo ni yule mdogo kuliko wote ofisini, anayekabidhiwa mpira mmoja uliochanika na filimbi isiyolia, kisha siku ya mashindano aulizwe kwa nini shule imefungwa. Huyo dada, mtu wa Finland, yeye alikuwa mtaalamu wa viungo katika hospitali ya misheni. Kazi yake kuwanyoosha watu waliotoka kwenye plasta, miguu imekauka, waanze tena kutembea.

Alikuja shuleni asubuhi moja kwa baiskeli. Mrefu, amekonda, nywele rangi ya katani, umri kama miaka thelathini na minane. Akaingia ofisini akasimama bila kusema neno. Sisi tukangoja asalimie, yeye akangoja sijui nini. Kwetu Usukumani mtu akiingia atakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, ndipo aseme kilichomleta. Huyu kimya! Mwalimu mkuu akashindwa kuvumilia, akamkaribisha kiti, akatutangazia kuwa tumepata mgeni kutoka Uholanzi.

"Ufini," dada akasema.

"Ndiyo, Ufilipino," akasema mwalimu mkuu. "Karibu sana."

Shida yake ilikuwa mchanga. Alikuwa ameona lundo la mchanga nyuma ya madarasa, tuliloletewa kwa ajili ya kujengea vyoo, akaomba achimbe shimo refu pembeni ya uwanja, alijaze mchanga ule, awe anakuja jioni kuruka. Tukatazamana. Mtu mzima, ana kazi yake ya heshima, katoka kwao kote huko, ombi lake ni kuruka? Na vyoo je? Akasema mchanga wa vyoo atauleta mwingine kwa gari la hospitali, na kweli aliuleta. Mwalimu mkuu akanigeukia, macho yanacheka. "Mwalimu wa michezo, huyu ni wako."

Basi akawa wangu. Nilimwita dada, yeye akaniita mwalimu. Akaja jioni tatu kwa wiki, na mimi nikakaa pale nikimtazama, kwanza kwa umbea, baadaye kwa sababu sikuweza kuacha. Mchezo wake ulikuwa miruko mitatu. Anakimbia, anakanyaga ubao, anaruka na kutua kwa mguu uleule aliorukia, anaruka tena na kutua kwa mguu wa pili, ndipo anaruka mara ya mwisho na kuangukia mchangani. Kwetu ulikuwa mchezo wa wavulana. Msichana angeruka ruka hivyo mama yake angemfuata na ufito. Tuliambiwa kizazi kitashuka.

Akataka awafundishe wasichana wangu wa darasa la sita. Nikakubali, huku nina wasiwasi na mama zao. Akawapanga kwenye mstari, akapiga makofi, akapaza sauti kwa Kiswahili chake cha vipandevipande: "Kulia! Kulia! Kushoto! Tena! Kulia! Kulia!" Bibi mmoja jirani wa shule alikuwa anapita na kuni kichwani. Akasimama. Kiswahili chake nacho kilikuwa cha kuokoteza, Kisukuma ndicho lugha yake. Akanijia mbio, kuni zote kichwani, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, hawa watoto wamekosa nini mpaka mzungu anawaamrisha kulia? Na mbona hata hawalii?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada akaja kuuliza kuna nini. Nilijaribu kumweleza kwamba mguu wa kulia na kulia machozi ni neno moja mdomoni. Hakucheka. Akafikiri kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kwa mchezo huu, sawa."

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa kidogo, siyo sana, siku aliyonisimulia habari zake. Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa shimo tunakula matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa. Alivipenda kuliko mimi. Nikamuuliza tu, kwa kuzoea, huko kwenu ulikuwa unashinda? Akasema hapana. Ulikuwa unashindwa? Hapana. Sasa ulikuwa unafanya nini, dada?

Ndipo akanieleza. Alizaliwa kijijini, kaskazini, baba mkulima, shambani kuna mitaro ya maji, na yeye tangu mdogo kazi yake kuiruka. Shuleni kaka yake akafundishwa miruko mitatu. Yeye akaiga, akamzidi kaka. Mwalimu akamfukuza shimoni. Wasichana hawaruhusiwi. Kwa nini? Madaktari wamesema miguu ikitua kwa kishindo hivyo, kizazi kitalegea.

"Weee!" nikaruka mimi sasa. "Kwenu pia?"

"Kwetu pia."

Jamani. Nilidhani hilo ni letu, la mama yangu na bibi yangu. Nikachanganyikiwa kabisa, sikujua nifurahi au nisikitike, kwamba hofu moja imetoka Ulaya mpaka kwetu, au imetoka kwetu mpaka Ulaya, au kila mahali wanawake wanapikiwa uongo kwenye chungu kimoja.

Hakuacha. Alishindana mruko mrefu wa kawaida, ule walioruhusiwa, na kwa huo hakuwa wa maana, mwenyewe alikiri. Lakini kila siku baada ya mazoezi alibaki na wanaume akaruka miruko mitatu. Hakuna aliyempima. Miaka kumi na mitano, mwenzangu! Sawa na mtu anayepika pilau la harusi ambayo haijatangazwa, kila Jumamosi anapika, anamwaga, anapika. Mwishowe wakubwa wa michezo wakaruhusu wanawake. Yeye ana miaka thelathini na kitu. Akaenda kwenye mashindano ya taifa lao, ya kwanza kwa wanawake, akapewa nafasi tatu kama wengine. Nafasi ya kwanza akapitiliza ubao kwa ncha ya kiatu. Ya pili akapitiliza. Ya tatu akapitiliza. Kwenye karatasi ya matokeo jina lake liko pale, na mbele yake hakuna namba. Mwaka uliofuata goti likaharibika, akapasuliwa, akaambiwa basi. Akatafuta kazi mbali, ndipo akaletwa kwetu.

Ng'ombe wa maskini hazai, nilisema moyoni. Kwa sauti nikamuuliza sasa unatafuta nini kwenye mchanga wetu wa vyoo.

Akainua kidole kimoja. "Mruko mmoja. Upimwe. Uandikwe kwenye karatasi ya mashindano ya kweli. Ukipatikana mmoja, naacha siku hiyohiyo."

"Hata kama mashindano ni ya Shinyanga?"

"Mita ni mita," akasema.

Hapo nilimpenda, nasema wazi. Tangu siku ile jambo lake likawa langu. Na muda ulikuwa mfupi, maana muuguzi mmoja rafiki yangu aliniambia goti lile limevimba tena, daktari amekwisha kumwambia atarudishwa kwao kupasuliwa mara ya pili, na baada ya hapo asithubutu kuruka hata dimbwi. Akiruka sana kabla ya kwenda, linaweza kukatika. Muuguzi alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nikamjibu muuguzi, ataruka mmoja tu, basi. Mmoja utamfanya nini?

Mwaka ule michezo ya watumishi wa mkoa, yaani walimu, wauguzi na watu wa ofisi za serikali, ilipangwa kufanyika Ushirombo. Nikaenda kwa kamati kuomba waongeze miruko mitatu ya wanawake. Mwenyekiti akanikatalia. Nikarudi. Akaniambia muda hautoshi, kila mwanamke ana nafasi tatu, miruko mitatu mara tatu ni tisa, wanawake wakiwa watatu ni ishirini na saba, tutalala huko? Nikamweleza hesabu haihesabiwi hivyo. Tukabishana mpaka yeye mwenyewe akapotea kwenye hesabu zake, akasema haya, fanyeni, lakini mwamuzi uwe wewe, kwa sababu hakuna mwingine anayejua mambo yenu. Nikatoka nimefurahi kama nimepandishwa daraja.

Tulikwenda kwa pikapu ya hospitali, kupitia Kahama, vumbi limetupaka wote rangi moja. Kabla hatujashuka alinishika mkono. "Mwalimu, leo wewe ni mwamuzi, na watu wanajua wewe ni rafiki yangu. Usiseme kitu. Usipige makofi. Andika tu. Mimi nitaangalia karatasi."

Nikamwambia sawa. Nikaona ni heshima. Laiti ningejua.

Shimo lilikuwa limejazwa marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wa dhahabu wamekwisha kuusaga na kuuosha mpaka hauna kitu. Wachimbaji wenyewe walikuwa wamejaa ukingoni, wamekuja kuona mzungu akiruka. Mmoja akapaza sauti, "Mama, humo tumeshaosha sisi, hamna kitu!" Watu wakaangua kicheko. Wanaume walikuwa wamemaliza, na kigingi cha kuonyesha alipotua mwalimu aliyeshinda kilikuwa bado kimechomekwa pembeni ya shimo. Futi ya kupimia ilikuwa moja kwa uwanja mzima, nayo ilikuwa kwenye kurusha tufe. Bendera za mwamuzi, nyeupe ya sawa na nyekundu ya kosa, hatukuwa nazo. Nilikuwa na karatasi ya daftari la mahudhurio, kalamu na kigoda.

Wanawake walikuwa watatu. Mwalimu wa kutoka Ushetu alianza, akaruka miruko minne, akaendelea na wa tano, ikabidi watu wamshike. Muuguzi mmoja akafuata, kanga juu ya kaptula, akateleza kwenye ubao akakaa. Wote wawili nikawawekea mkasi, alama ya kosa. Kisha yeye.

Alisimama mbali sana. Akapangusa viganja. Akaja. Tangu aanze kuja shuleni kwetu alikuwa anaruka nusunusu kwa kulitunza goti, mimi sikujua, nilidhani ndivyo anavyoruka. Siku ile niliona mtu mwingine. Kishindo kimoja, kimya kirefu, kishindo cha pili, kimya, halafu marudio yakaruka mpaka kwenye macho ya wachimbaji. Ukingo wa ubao hakuupita hata kwa ncha, alikuwa na vidole viwili vya akiba. Na miguu yake ilikuwa imetua mbele ya kigingi cha yule mwanamume. Mbele! Vigelegele vikapigwa, lakini vilipigwa hata muuguzi alipokaa chini, kwa hiyo havikuwa ushahidi wa kitu.

Nilikaza midomo kama alivyoniagiza. Nikaandika. Mbele ya jina lake nikaweka alama ya vema, yenye mkia mrefu, kama zile tulizokuwa tunawafundisha watu kuziweka kwenye karatasi za kura. Nikaiacha karatasi kwenye kigoda, nikaenda mbio kuchukua futi kwenye tufe. Yule mwenye futi akanizungusha kidogo, tukarushiana maneno, nikampokonya.

Niliporudi, dada ameshika reki. Shimo lote limesawazishwa.

"Dada! Mbona umefuta?"

"Umeharibika," akasema, bila kunitazama. "Naruka tena."

Nilibaki na futi mkononi kama mjinga. Umeharibikaje? Mruko ulimpita hadi mwanamume! Halafu hasira ikanipanda. Nikasema kumbe ni majivuno, kumbe mita zetu hazimtoshi, kila siku ananiambia mmoja tu, akiupata anaufuta, wazungu kwa kujidai hawajambo. Watoto tunawaimbisha kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza. Nilinuna. Nikakaa kwenye kigoda nikamgeuzia bega.

Nafasi ya pili akapitiliza ubao waziwazi. Nikaweka mkasi. Akaja akaitazama karatasi, akaenda zake akichechemea. Goti lilikuwa limeanza kujaa. Nilitaka kumwita nimwambie inatosha. Nikasema moyoni, si anajua mwenyewe.

Nafasi ya tatu alikimbia vibaya. Kishindo cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha pili nilisikia sauti nyingine ndani yake, kama mtu anavunja bua la mtama. Alimalizia kwa mguu uliobaki, akajitupa mchangani kwa mikono na uso. Nilipomfikia alikuwa ameuma midomo, goti limegeukia upande ambao goti haligeukii.

"Pima," akaniambia.

"Dada, acha kwanza tukubebe..."

"Pima!"

Nikapima. Mita saba na kidogo. Wasichana wangu wa darasa la sita wawili walikuwa wanafika hapo. Nikaandika mbele ya macho yake, akaisoma namba ile mara mbili kwa kidole, na nawaambia, katika maumivu yale, akatabasamu. Ndipo akakubali kubebwa. Njia nzima mpaka Shinyanga nilimshikilia mguu usitikiswe na mashimo. Nilikuwa na huruma na hasira kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi.

Siku ya nne nikaenda kumwona wodini. Nilikuwa nimenakili karatasi ile, nikaipeleka ikagongwa muhuri wa mkoa, nimpe akaiweke kwao. Nikamsalimu, nikampa pole, nikakaa. Halafu ikanitoka, sikuweza tena. "Dada, nieleze kitu kimoja. Kwa nini uliufuta ule wa kwanza?"

Akanishangaa. "Kwa sababu uliandika kosa."

"Mimi?"

Akaweka kidole kwenye alama ya vema. "Hapa kosa. Hapa kosa. Hapa saba."

Nilimtazama nikidhani ni dawa za maumivu. Nikamwambia polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, kwamba mkasi ndiyo kosa, na hii yenye mkia ni vema, yaani sahihi, yaani umepata. Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu yangu, akaandika pembeni mwa karatasi moja na moja ni tatu, akachora mbele yake alama ileile ya vema, mkia na kila kitu. "Kwetu," akasema, "mwalimu anaandika hii mtoto akikosea. Mkasi pia ni kosa. Nilidhani ni makosa ya aina mbili."

Nani duniani anaweka vema kwenye kosa? Nikawaza watoto wa huko wanapeleka nyumbani daftari limejaa vema wanachapwa. Sikupata wa kumkasirikia. Alinikataza nisiseme, nikanyamaza. Nilimwandikia sahihi, akasoma kosa. Alifuta kwa mkono wake. Na mimi nilimwona akifuta, na nilikuwa na mdomo.

Alikuwa anaitazama ile vema. Aliitazama muda mrefu sana, hata kwa Mfini. Nikaona inamwingia taratibu, kwamba aliupata, kwamba baada ya ule wa kwanza hakuhitaji kuruka tena, na goti lingekuwa goti. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Ulikuwa mbali?"

Niliona kigingi cha yule mwanamume, na visigino vya dada vimezama mbele yake, na marudio yanaruka. Nayaona hata sasa ninavyoandika.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Ulikuwa mfupi. Mfupi hata kuliko huu wa mwisho."

Alinitazama machoni, nami sikuyakwepesha, Mungu anisamehe. Akashusha pumzi, akaikunja karatasi yake, akaiweka chini ya mto.

"Asante," akasema. "Basi hakuna kilichopotea."